Mkanda wa Kiti cha Kushoto

Nyakunguru
9 Machi 2024

Dada Domitila,

Shikamoo. Rahabu amefika na dagaa na barua yako, na vitunguu ulivyomfungia Boke wangu. Anasema ahsante. Tumbo lake sasa linaonekana hata akivaa kitenge kipana, na kila mwanamke anayepita hapa anajidai anajua ni mtoto gani. Akiwa wa kiume tunaomba ruhusa yako juu ya jina. Unajua ni jina lipi.

Mvua imetufukuza mashimoni. Maji yamejaa, pampu moja tu ndiyo inavuta, wengine tumekaa juu tunaangalia matope. Ningekupigia simu tu, lakini najua simu yako bado imefunikwa bakuli kabatini tangu ilipokuletea ile habari. Sikulaumu. Acha Rahabu aendelee kuwa posta yetu, maadamu biashara yake ya dagaa inamleta huku.

Sasa jambo langu. Nimesita kuliandika kwa sababu habari za magari si habari nzuri nyumbani kwako. Lakini wewe ndiye mama niliyebaki naye. Dada, nataka kununua gari. Si gari la kubeba abiria wala magunia. Nataka lile dogo lenye nguvu, milango mitano, gia za mkono, linaloshika barabara kama kupe alivyoshika sikio la ng'ombe.

Tuna kundi la WhatsApp linaitwa Wazee wa Gia. Tumo wachimbaji, mafundi, madereva wa malori na mwalimu mmoja, na kazi yetu ni kubishana. Mtu akisema neno kuhusu gari, anaulizwa kwanza: umeliendesha, au umesimuliwa? Kama umesimuliwa, unaambiwa nenda kacheze na watoto. Mbishi mkubwa ni Konstantino, fundi pampu, mtu wa Bukoba. Huyo anadai aliwahi kuendesha Swift Sport kutoka daraja la Mara mpaka Tarime mjini na akafika kabla chai ya mtu haijapoa. Wakimuuliza gari lilikuwa la nani, na shahidi ni nani, anahamia kwenye habari za pampu. Basi wamembandika jina, wanamwita Chai, kwa kuwa hadithi isiyo na shahidi ni chai tu. Mimi pia simwamini, ila ameniharibu kichwa. Nimelitaka gari la aina hiyo hiyo.

Liko moja Tarime kwa dalali anayeitwa Steven. Jeusi. Steven anasema lilikuwa la daktari mwanamke ambaye alilitumia kwenda kanisani tu. Kundini wamecheka wiki nzima. Wanasema kila gari linalouzwa Tarime lilikuwa la daktari mwanamke wa kwenda kanisani, ila daktari mwenyewe hajawahi kuonekana.

Nitakwenda kulitazama baada ya Pasaka. Niandikie neno, hata kama ni la kunikatalia.

Mdogo wako,
Faustine


Morotonga
24 Machi 2024

Mdogo wangu Faustine,

Marahaba. Leo ni Jumapili ya Matawi. Nimerudi kanisani na tawi langu nimelichomeka juu ya mlango, kama mama alivyokuwa akichomeka lake. Bwawa la Manchira limejaa na maji ya bomba yanatoka mekundu, tunayaacha yatulie kwenye ndoo kabla ya kupika. Ng'ombe mwekundu wa shemeji Nyamhanga amezaa. Yale maua niliyopanda kaburini yaliliwa na mbuzi, nimepanda mengine.

Mwambie Boke asinyanyue ndoo. Kuhusu jina, tusubiri kwanza.

Kuhusu gari, mtu mzima hazuiwi. Ila kabla hujatoa chochote nataka uangalie vitu vichache kisha uniandikie. Usimwambie huyo Steven kwa nini. Fungua kile kifuniko cha kutilia mafuta, utazame rangi iliyo upande wa ndani. Kaa kiti cha nyuma kushoto, ufunge mlango, ujaribu kutoka mwenyewe. Halafu liache juani mpaka lipate moto, ufungue buti uinuse.

Pengine hutakuta chochote. Naomba usikute.

Usiniulize nimeyajulia wapi. Mtu akikaa kando ya barabara husikia mengi.

Dada yako,
Domitila


Nyakunguru
14 Aprili 2024

Dada,

Shikamoo. Pasaka ilikuwa njema. Boke alikula nyama peke yake kama simba. Pampu ya pili imepona, tumerudi shimoni.

Nimelitazama gari. Lakini kwanza nikuchekeshe. Niliwaambia Wazee wa Gia kwamba dada yangu amenipa maswali ya kumpima dalali. Wakavamia. Mmoja akauliza, dada yako ameendesha nini, mkokoteni wa maji? Mwingine akasema huo ni ushauri wa kununua mbuzi, mbuzi ndiye anayenuswa. Mwalimu akataka nieleze elimu yako ya magari umeipatia wapi, maana bila hiyo maneno yako hayana uzito. Nikawaambia ngojeni.

Chini ya kifuniko cha mafuta gari ni la njano. Njano ya kiini cha yai la kienyeji. Walipopaka nyeusi walisahau pale.

Kiti cha nyuma kushoto, nikafunga mlango, sikuweza kutoka. Kitasa cha ndani hakifanyi kazi. Steven akaja kunifungulia akiwa anacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Buti. Dada, tuliliacha juani, nikafungua, nikasikia harufu ya maziwa. Maziwa ya kibuyu, yale yaliyolala siku tatu. Hakuna hata doa. Steven akaapa kwamba daktari hakuwahi kubeba maziwa.

Niliporudi nikawaandikia kundini kwamba mwenye mkokoteni wa maji amepata yote. Wakaanza kubishana kama ni ramli. Konstantino peke yake hakucheka. Aliuliza tu huyo dada yako ni wa wapi. Nikaandika, Morotonga. Jioni ile ile akatoka kwenye kundi.

Jambo moja tu sikulipenda. Unajua magari haya, abiria wa mbele akikaa bila kufunga mkanda, kengele inalia mpaka afunge. Tulipokwenda kulijaribu Steven alikaa nyuma. Kiti cha mbele kushoto kilikuwa kitupu, na kengele ikalia. Steven akainama kati ya viti, akauvuta mkanda, akakifunga kile kiti kitupu. Ikanyamaza. Akasema, "Fanya hivyo tu, kaka. Wote walionunua walifanya hivyo." Nikamuuliza wote ni wangapi. Akasema tujaribu breki.

Linakimbia vizuri sana. Niambie unaonaje.

Faustine


Nyakunguru
19 Mei 2024

Dada,

Shikamoo. Mwezi umepita. Rahabu anasema barua alikupa mkononi, ukaisoma umesimama, ukaikunja, ukaingia ndani. Anasema hukumkaribisha hata maji, na wewe si mtu wa hivyo. Unaumwa? Nimekukosea?

Gari bado liko. Sisi wazima.

Faustine


Morotonga
2 Juni 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Siumwi na hujanikosea. Ulezi umeiva mapema mwaka huu, nilikuwa shambani kutwa nikiwafukuza ndege. Ndama wa shemeji anaendelea vizuri. Paroko mpya ana sauti ndogo, tulio nyuma tunaitikia kwa kukisia.

Nimemwomba Rahabu msamaha, nikampikia.

Naye ameniambia jambo ambalo hukuniandikia. Anasema ulimpa lifti kutoka Nyamongo ukiwa na gari jeusi jipya. Anasema alikaa nyuma na mzigo wake, kwa sababu kiti cha mbele kilikuwa kimefungwa mkanda na akadhani mwenye kiti ameshuka kidogo. Anasema mlizungumza njia nzima na yeye akawa anangoja mtu huyo arudi.

Kwa hiyo umeshanunua. Uliandika kwamba gari bado liko. Ni kweli liko, liko kwako.

Sigombi. Nijibu swali moja. Asubuhi ukilifungua, kiti hicho unakikuta wapi? Mbele au nyuma?

Domitila


Nyakunguru
16 Juni 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Nisamehe. Nilinunua mwisho wa Aprili, uliponyamaza. Niliogopa kwamba ungekataa.

Kiti nakikuta nyuma. Kila asubuhi nakisogeza mbele ili nyuma yake ipatikane nafasi ya vifaa, na kila asubuhi nakikuta kimerudi nyuma mpaka mwisho wa reli, kama mtu wa miguu mirefu alikaa hapo. Nilidhani ni Boke. Boke hapandi. Alipanda mara moja, akasema anajisikia amekalia mtu, akashuka, akatembea kwa miguu mpaka kliniki na lile tumbo lake.

Sikuwa nimeelewa, dada. Wakati ule wa ajali nilikuwa Chunya, gari la mwanao nililisikia tu kwenye simu, na nilifika maziko yakiwa yamekwisha. Lakini uliposema habari ya kiti nilikumbuka tulivyokuwa tukimcheka kwamba akikaa kwenye kigoda magoti yanafika masikioni. Ndipo nikaelewa ni gari la nani. Na kwamba wewe ulijua tangu kwenye kifuniko cha mafuta.

Wiki iliyopita Konstantino alikuja hapa. Hakusalimia. Alilizunguka gari, akagusa bodi ya mbele upande wa kulia, mahali ilipokunjwa ikanyooshwa. Nikamwambia habari ya kengele, kwa kuwa ni fundi. Akalala chini ya kiti kile na tochi ya kichwani. Akanionyesha waya. Umekatwa, dada. Umekatwa zamani, ncha zake zina kutu. Kengele hiyo haina njia ya kulia. Na wakati ananionyesha, amelala pale chini na gari limewashwa, ilikuwa inalia.

Akatoka, akakaa kwenye jiwe, akaniambia. Ninaandika kama alivyosema, nisije nikaongeza.

Alikuwa kwenye kona iliyo karibu na daraja la Mara, anasubiri usafiri na pampu yake. Gari la njano likaja, ndama akaingia barabarani, kijana akamkwepa, akagonga ukingo. Hakufa pale. Alishuka mwenyewe, amesimama, akasema ni wa Morotonga na kifua kinamuuma, akamuuliza Konstantino kama ndama amepona. Injini ilikuwa bado inaunguruma. Konstantino akamweka kiti cha kushoto, akashika usukani, akaacha pampu yake hapo hapo, akakimbiza kuelekea Tarime. Walipopita Nyamongo kijana akasema, "Kaka, nifunge mkanda." Konstantino akamwambia tunakaribia, vumilia, maana kwa mwendo ule hakuweza kuachia usukani hata mkono mmoja. Akasema tena. Tena. Walipokaribia Nyamwaga akageuza uso dirishani kama anayetazama ng'ombe wa watu, na hakusema tena.

Konstantino hakusimama. Alifika hospitali, akamwacha mikononi mwa wauguzi, akaweka ufunguo mezani akaondoka. Alisema, "Mimi mgeni. Niko na gari la mtu, na mwenyewe ni maiti ndani yake. Nani angenisikiliza?" Hospitali nao wakaandika kwamba aliletwa akiwa amefariki, watu wakaona gari limekunjwa na ukingo wa kona umebomoka, wakamalizia wenyewe kwamba alifia pale.

Nikamuuliza kwa nini basi alijisifu kundini. Akasema hakuwa anajisifu. Alitaka kulisema tu, hata kipande, na kipande alichoweza kukisema ni mwendo. Akasema, "Walipotaka shahidi ningewajibu nini? Shahidi wangu alikuwa amekaa kushoto."

Nifanye nini, dada? Nilirudishe kwa Steven?

Faustine


Morotonga
23 Juni 2024

Faustine,

Usimrudishie Steven. Usilipeleke popote mpaka usome hii.

Rahabu anangoja mlangoni, kwa hiyo sitasalimia sana. Wote wazima.

Unaijua desturi ya ukoo wa mume wangu. Mtu akifia njiani, mwili huletwa na gari, lakini mwenyewe hubaki pale alipokata roho anangoja kufuatwa. Mtu wa damu yake huenda na tawi, humwita jina, hurudi nalo bila kumsalimu yeyote, na humwambia kila mto na kila njia panda ili asipotee. Shemeji Nyamhanga alikwenda. Aliita kwenye ile kona ya daraja kwa sauti mpaka ikamkauka, akaja na tawi kwa miguu, jua lote lile, tukalilaza kaburini.

Kumbe tulileta tawi tupu. Miaka hii yote nimekuwa nikilisalimia kaburi kila asubuhi na kuona kimya chake si kimya cha mtu aliyelala, ni kimya cha nyumba isiyo na mtu. Nilidhani ni imani yangu imepungua.

Alikuwa ndani ya gari lake. Na gari tuliliuza Sirari kabla ya matanga kuisha, kwa sababu nilisema sitaki kuliona. Akauzwa nalo. Akapakwa rangi nyeusi amekaa humo humo. Akauzwa tena, kwa watu wanaomfunga mkanda ili anyamaze.

Maziwa yale nilimpa mimi, siku ya kwanza alipokuja na gari. Kibuyu kilipinduka kwenye tuta. Nikaogopa atakasirika. Akasema, mama, sasa hata likiibiwa nitalijua kwa pua. Ule mlango aliuharibu kwa makusudi, ili watoto wa jirani wasiruke nje. Na alipokuwa mdogo, nikimbeba mgongoni kuvuka mto, hakuwa anatulia mpaka kanga ibane. Ikilegea kidogo tu alinipiga bega kwa mkono, taratibu, mara moja, halafu tena, mpaka nisimame nimkaze.

Namtaka Sospeter nyumbani. Na wewe nakutaka hai, maana kwa mama tumebaki wawili.

Mje mchana, wewe na Konstantino, yeye akae nyuma. Anzieni Nyamwaga, pale Sospeter alipogeuza uso, Konstantino ndiye anapajua. Kata tawi, uliweke kwenye kiti chake, umfunge mkanda vizuri, ubane. Mwite kwa jina. Kisha usimsalimu mtu wala usimjibu mtu mpaka kwangu. Ongea naye tu. Mwambie kila mto. Kwenye ile kona ya ndama nenda polepole.

Dada yako


Nyakunguru
21 Julai 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Tumerudi salama. Boke amebakiza siku chache tu ajifungue, mama mkwe amekuja kukaa naye, anapanga upya vyombo vyangu vyote.

Tulipokuwa kwako uliniuliza njiani kulikuwaje, nikasema salama. Sikusema yote kwa sababu Konstantino alikuwa amekaa nasi na sikutaka kumwongezea hofu.

Nyamwaga nilimwita, kengele ikalia mara moja. Nikafunga mkanda kama ulivyosema, nikaubana. Nikaanza kumwambia. Huu ni mteremko. Hapa Nyamongo, watu ni wengi, leo soko. Mwanzoni niliona haya kwa sababu ya Konstantino nyuma, baadaye nikasahau kama yuko. Nilimweleza hata habari za mtoto.

Mbele ya Nyamongo trafiki akatusimamisha. Nikasimama. Akasalimia, sikujibu. Akauliza leseni, nikampa bila neno. Akaniuliza natoka wapi, nikatazama mbele. Nikajua tumekwisha, leo nalala kituoni. Akainama dirishani, akatazama kile kiti cha kushoto, tawi juu yake, akalitazama kwa muda. Halafu uso wake ukalainika. Akasema, kwa upande ule, si kwangu, "Afadhali wewe kijana umefunga mkanda. Huyu dereva wako mfundishe salamu." Akanirudishia leseni, akatupungia twende.

Konstantino alianza kusali kwa Kihaya na hakuacha mpaka darajani.

Kwenye kona ya ndama nilipunguza mwendo. Mguu wangu haukuwa kwenye breki, lakini gari lilisimama kabisa, kama lililokuwa linamsubiri mtu avuke. Sikuona kitu. Kisha likaendelea.

Yaliyobaki uliyaona, lakini nataka uyajue nilivyoyaona mimi. Ulikuja pekupeku. Ukafungua mlango wa kushoto, ukaufungua mkanda kwa mikono miwili kama unayefungua kitambaa cha mtoto aliyelala. Ukasema, "Sospeter, tumefika. Shuka, baba." Ukachukua tawi. Lakini hukuondoka mara moja. Ulisogea pembeni, ukangoja, kama mtu anayempisha mwenye miguu mirefu atoke kwenye gari dogo. Halafu ulitembea mpaka kaburini kwenye majani, ukaiacha njia wazi katikati. Shemeji Nyamhanga naye akaiacha. Hata mbwa.

Tulipoondoka Konstantino alikaa mbele. Hakufunga mkanda, kwa makusudi. Tulingoja mpaka Morotonga ikaisha. Hakikulia kitu. Ni waya uliokatwa tu, kama ulivyo waya wowote.

Amerudi kwenye kundi. Ujumbe wake wa kwanza aliandika, "Nilikuwa nawadanganya. Sijawahi kuendesha Swift." Wakashangilia siku nzima, Chai amekiri. Mwalimu akasema hiyo ndiyo faida ya kudai ushahidi. Nikaanza kuandika jibu, nikalifuta. Konstantino mwenyewe aliniomba niache hivyo. Anasema sasa analala.

Gari silirudishi. Nimelizoea. Nikiwa peke yangu huwa bado nakifunga mkanda kile kiti kitupu, kwa mazoea tu, na namtajia mito.

Uniandikie kuhusu jina. Boke anauliza.

Faustine


Morotonga
4 Agosti 2024

Mdogo wangu Faustine,

Marahaba, na salamu kwa Boke na kwa mama mkwe wako. Mwambie vyombo avipange atakavyo, siku akiondoka utavirudisha. Huku kumekauka. Bwawa limeanza kuonyesha mawe yake. Maua ya kaburini safari hii mbuzi hawakuyagusa, wanafika mpaka karibu, wanageuka.

Nakuomba jambo moja, na ulishike. Usikifunge tena mkanda kile kiti kama hakuna mtu. Na usimtajie mtu mito. Kiti kilichofungwa ni kiti kilichoandaliwa, na barabara hiyo ina wengi waliokufa bila kufuatwa. Ukitaka mtu wa kuongea naye njiani, mchukue Rahabu. Anaongea vya kutosha.

Uliandika mambo ambayo hukuyasema hapa. Nami nina la kukuandikia ambalo sikulisema.

Siku mliyoondoka niliweka kigoda chake karibu na mafiga, pale alipokuwa akikaa kuninyang'anya viazi kabla havijaiva. Nilikiweka kwa ajili ya kumkumbuka tu. Asubuhi nikakikuta kimesukumwa nyuma mpaka ukutani. Nikakirudisha. Kesho yake ukutani. Shemeji alisema ni panya. Nimemwambia ndiyo, ni panya. Sasa sikirudishi tena. Nakiacha ukutani, ili magoti yapate nafasi. Nikisalimia asubuhi siendi kaburini kwanza, nasalimia nikiwa hapo hapo jikoni, na kimya ninachopata ni kile cha mtu anayekusikia.

Siogopi. Nimekuandikia ili usije ukafika ghafla ukakikalia.

Simu nimeitoa kabatini. Wameniwashia kwa jirani, inafanya kazi. Mtoto akizaliwa usimtume Rahabu, piga, nitapokea.

Na kuhusu jina, nashukuru kwamba mliniomba. Najua ndivyo tufanyavyo, jina la aliyeondoka apewe anayekuja, ili lisilale bure. Lakini akiwa wa kiume mpeni la baba yetu, au lolote Boke apendalo. La Sospeter msimpe. Mwenyewe bado analitumia.

Dada yako,
Domitila